Ndege Ninazozitamani katika Skeli Kubwa

Kila mara kampuni za modeli, yaani ndege ndogo za plastiki za kuunganisha, zinapotangaza seti mpya za ndege katika skeli kubwa, mimi huisoma orodha nikitafuta jina ambalo sikulitarajia, na mara nyingi huifikia tamati bila kuliona. Nakuta Messerschmitt Bf 109, Spitfire, Mustang na Focke-Wulf Fw 190, zote ndege za kivita za Vita vya Pili vya Dunia, kisha nakuta ndege hizohizo zikiwa zimebadilishiwa propela, tangi la ziada au rangi za kikosi kingine. Sizichukii ndege hizi. Spitfire Mk.IXc ambayo Tamiya ilitoa mwaka 2009 katika skeli ya 1/32 (yaani modeli ni sehemu moja ya 32 ya ndege halisi) bado ni miongoni mwa seti bora nilizopata kuzifahamu, na hata vifuniko vya injini yake hushikiliwa kwa sumaku ili mtu aweze kuvibandua na kuvirudisha bila kuharibu kitu. Ninachosema ni kwamba haja ya Spitfire imekwisha kutoshelezwa, na kwamba tupo wengi ambao tumeshika pesa mkononi tukisubiri ndege nyingine.

Naelewa kwa nini mambo yako hivi. Seti ya plastiki hutoka katika kalibu ya chuma, na kuichonga kalibu hiyo kwa usahihi unaotakiwa leo ni gharama kubwa ambayo hurudi polepole, seti moja baada ya nyingine. Mtengenezaji kwa hiyo hupenda ndege ambayo jina lake linajulikana hata kwa mtu asiyejenga modeli, na hupenda zaidi ndege iliyokuwa na matoleo mengi, kwa kuwa akishachonga kalibu ya kiwiliwili na mabawa anaweza kuongeza fremu moja ndogo ya vipande akauza toleo la pili, la tatu na la nne. Bf 109 inaingia katika hesabu hiyo kana kwamba ilibuniwa kwa ajili yake. Ndiyo maana katika matamanio yangu nimejaribu kumhurumia mhasibu wa kampuni: karibu kila ndege nitakayoitaja ilikuwa na matoleo kadhaa, au injini iliyotumika pia katika ndege nyingine, au rangi za kijeshi na za kiraia kwa pamoja.

Kabla ya majina, niseme neno juu ya ukubwa wenyewe. Katika miaka ya karibuni pamekuwa na mashindano ya nani atatoa sanduku kubwa zaidi. HK Models walitoa ndege ya mabomu B-17G katika 1/32, kisha wakatoa nyingine, Lancaster. Lancaster halisi ilikuwa na upana wa mita 31.09 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya pili, kwa hiyo modeli yake katika 1/32 inafika sentimita 97, na B-17 inakaribia sentimita 99. Inachekesha kidogo kwamba B-36, dude la Marekani lenye mabawa ya mita 70, likijengwa katika 1/72 linafika sentimita 97 vilevile, yaani Lancaster ya skeli kubwa na B-36 ya skeli ndogo zinagombania rafu ileile. Wapo wanaoomba B-29 katika 1/32, ambayo ingekuwa na sentimita 134. Mimi simo katika kundi hilo. Sehemu kubwa ya plastiki ya modeli kama hiyo ni ngozi tupu ya mabawa na kiwiliwili, na vyumba vya wafanyakazi wa ndege, ambavyo mtu amevipaka rangi kwa subira kubwa, hufungiwa gizani siku ile nusu mbili za kiwiliwili zinapounganishwa. Anayetaka kuviona tena atahitaji tochi.

Skeli kubwa inastahili gharama yake pale ambapo ndege yenyewe ina kitu cha kuonyesha: mifupa ya mabomba ya chuma nyuma ya vioo, injini iliyo nje, kitambaa kilichovutwa juu ya mbavu za bawa, miguu ya magurudumu iliyobuniwa kwa namna ya pekee. Ndege za namna hiyo mara nyingi ni za wastani kwa ukubwa, zinatosha katika rafu ya kawaida, na nyingi hazikuwa za kupigana angani. Hizo ndizo ninazoziomba.

Ya kwanza ni Westland Lysander, ndege ya Kiingereza ya Vita vya Pili vya Dunia. Matchbox walikuwa na Lysander ya 1/32 katika miaka ya 1970, na baadaye Revell waliitoa tena kutoka kalibu ileile. Kwa umri wake ilikuwa kazi ya ujasiri, lakini chumba chake cha rubani hakitoshi kwa macho ya leo, na ndege hii ni chumba cha rubani kuliko kitu kingine chochote. Vioo vyake vinaanzia mbele ya rubani na kuendelea hadi nyuma ya mpiga bunduki, na kupitia vioo hivyo unaona mabomba ya kiunzi, tangi la mafuta lililowekwa nyuma ya mgongo wa rubani, na nafasi ya mtu wa pili. Hakuna tochi itakayohitajika. Mabawa yake yananivutia zaidi ya hapo, kwa kuwa ni mapana pale yanapokutana na nguzo za kuyashikilia, halafu yanapungua kuelekea ncha na kupungua tena kuelekea kiwiliwili, na kwenye ukingo wa mbele yana vibao vilivyojifungua vyenyewe ndege ilipopunguza mwendo na kuzishusha flapu (vibao vya ukingo wa nyuma) pamoja navyo. Lysander iliyosimama uwanjani mara nyingi huonekana katika picha ikiwa na vibao hivyo wazi. Seti mpya ingepaswa kutupa uchaguzi wa wazi au kufungwa, bila kutulazimisha kukata plastiki.

Kisha kuna miguu yake. Ilikuwa imefinyangwa kwa aloi nyepesi kama upinde mmoja unaopita chini ya kiwiliwili, na vifuniko vya magurudumu vilibeba vitu vitatu kwa wakati mmoja: taa ya kutua, bunduki ya Browning, na vibawa vidogo vya kutundikia mabomu. Katika 1/72 mambo hayo ni nukta za rangi. Katika 1/32, ambapo mabawa ya Lysander yangefika sentimita 47 na nusu, kila kimoja kingekuwa kipande chenye umbo lake. Na toleo la pili lipo tayari: Lysander nyeusi zilizowapeleka majasusi na wapiganaji wa chini kwa chini nchini Ufaransa usiku, zikiwa na ngazi iliyofungwa upande wa kushoto na tangi kubwa la mafuta chini ya tumbo. Fremu moja ya ziada yenye ngazi na tangi, karatasi nyingine ya stika, na kampuni ina sanduku la pili ambalo hadithi yake inajiuza yenyewe.

Ya pili ni Bristol Beaufighter, ndege ya vita ya Kiingereza yenye injini mbili, na hapa najua siko peke yangu, kwa kuwa jina hili huchomoza kila mahali watu wanapozungumzia mapengo ya 1/32. Revell walikuwa nayo katika miaka ya 1970, ikiwa na mistari ya mwinuko juu ya ngozi kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Ndege halisi iliruka mara ya kwanza tarehe 17 Julai 1939, na zilijengwa karibu 6,000. Ilikuwa na mizinga minne ya milimita 20 chini ya pua, na matoleo mengi yakaongeza bunduki sita mabawani. Kwa mjenzi, hata hivyo, silaha hazinivuti kama injini zake mbili za Bristol Hercules. Injini hii ya silinda 14 ilitumia mirija inayoteleza ndani ya silinda badala ya vali za kawaida, kwa hiyo uso wake ni safi, hauna fito za kusukumia vali ambazo wajenzi wa injini za Kimarekani wamezizoea. Mbele ya kifuniko kuna duara linalokusanya moshi wa silinda zote, nalo liliungua kwa joto likapata rangi za shaba, kahawia na zambarau. Sijui kazi ya kupaka rangi inayopendeza kuliko duara hilo, na katika 1/32 lingekuwa kubwa vya kutosha mtu afanye kazi ya tabaka tatu au nne za rangi nyembamba.

Matoleo? Yapo tele. Ndege ya kuwinda usiku yenye antena za rada mfano wa kichwa cha mshale puani, ndege nyeusi yenye injini za Merlin, ndege ya pwani yenye torpedo, ndege yenye pua ya duara iliyoficha rada mpya, na zile zilizojengwa Australia. Mkia wenyewe ulikuja wa aina mbili, mmoja uliolala na mwingine ulioinuka kuelekea ncha. Mabawa ya mita 17.63 yanatoa modeli ya sentimita 55, ambayo ni ukubwa wa wastani kabisa. Tamiya walionyesha zamani katika 1/48 kwamba Beaufighter nzuri inauzika. Mosquito FB.VI yao ya 1/32, iliyotoka mwaka 2015, ilithibitisha kwamba ndege ya Kiingereza yenye injini mbili inaweza kubeba bei ya skeli kubwa pia. Nikiunganisha mambo hayo mawili naona jibu liko wazi, ila mimi si mhasibu.

Sasa nihamie katika ndege ambazo hazikwenda vitani kwa nia ya kupigana. Mwezi Agosti 1947 ziliruka kwa mara ya kwanza ndege mbili za kazi ambazo hadi leo zinaendelea kuruka: tarehe 16, nchini Kanada, de Havilland Canada DHC-2 Beaver, na tarehe 31, katika Umoja wa Kisovieti, Antonov An-2. Zilibuniwa na watu wasiojuana, kwa mahitaji yanayofanana: kubeba mizigo na watu hadi mahali pasipo na uwanja wa maana, kutua kwa mwendo mdogo, na kutengenezwa na fundi mwenye sanduku moja la vifaa. Ningezitaka zote mbili katika 1/32, na ningezitaka kutoka kampuni moja ili ziwekwe pamoja.

Beaver ina mabawa ya mita 14.63, yaani modeli ya sentimita 46 hivi. Injini yake ni Pratt & Whitney R-985 ya nguvu za farasi 450, injini ileile iliyoko katika Kingfisher ya majini ambayo Kitty Hawk walikuwa wameitoa katika 1/32 kabla ya kampuni kufunga shughuli. Injini hiyo ilitumika pia katika ndege nyingine nyingi, kwa hiyo mtu akiichonga vizuri mara moja ataitumia tena na tena. Ndani ya Beaver kuna mambo ya kumfurahisha mjenzi kwa wiki nzima. Milango ya mizigo ilipewa upana wa kutosha kupitisha pipa la mafuta likiviringishwa. Mahali pa kujazia oili ya injini pamewekwa ndani, karibu na miguu ya anayekaa mbele, ili rubani aweze kuongeza oili hata ndege ikiwa angani. Usukani umewekwa juu ya mhimili mmoja unaoweza kupinduliwa kutoka kwa rubani wa kushoto kwenda kwa wa kulia. Na chini, seti ingekuja na chaguo tatu: magurudumu, maboya ya kutua majini, au mbao za kutelezea juu ya theluji. Maboya peke yake, yakiwa na nyaya zake, vifuniko vya kutolea maji na usukani mdogo wa nyuma, ni modeli ndani ya modeli. Jeshi la Marekani liliinunua kwa wingi likaiita L-20, kisha U-6, kwa hiyo hata yule asiyependa ndege ya kiraia ana rangi yake ya kijani.

An-2 ni kubwa zaidi, na najua inagusa mpaka wa kanuni yangu mwenyewe, kwa kuwa bawa lake la juu lina mita 18.18 na lingetoa modeli ya sentimita 57. Lakini ni ndege ya mabawa mawili yaliyopandana, kwa hiyo ukubwa wake umepangwa kwenda juu badala ya kutanda mezani. Ukingo wa mbele wa bawa la juu una vibao vinavyojifungua vyenyewe kama vile vya Lysander. Mabawa yamevikwa kitambaa, na hapo ndipo mchongaji wa kalibu anapopimwa: kitambaa kilichovutwa vizuri hubonyea kidogo sana kati ya ubavu na ubavu, na kampuni nyingi hukibonyeza mno hadi bawa likaonekana kama mnyama aliyekosa chakula. Vioo vya chumba cha rubani vimetokeza pembeni ili rubani aweze kutazama chini moja kwa moja, na kuvitengeneza kwa plastiki angavu isiyopinda mwanga ni kazi ya kuheshimiwa. Zaidi ya An-2 18,000 zilijengwa katika Umoja wa Kisovieti, Poland na China. Zilinyunyizia mashamba dawa, zikabeba abiria, zikaangusha askari wa miavuli, zikatumika kama gari la wagonjwa. Sidhani kama kuna ndege nyingine inayoweza kupewa karatasi ya stika yenye nchi nyingi kiasi hicho.

Lazima niwape ICM haki yao hapa. Kampuni hii ya Ukraine imetoa katika 1/32 Polikarpov I-153, Fiat CR.42, Gloster Gladiator, Stearman na Bücker Bü 131, ndege ambazo wengine waliziona kuwa ndogo mno au za zamani mno kwa biashara. Seti zao hazina madoido mengi, vipande ni vya wastani kwa idadi, na ujenzi unakwenda bila ugomvi. Stearman na Bücker ni ndege za mafunzo, na kuwepo kwake sokoni kunanipa ujasiri wa kuomba ya tatu: de Havilland Canada Chipmunk, na hii ningeitaka katika 1/24. Mabawa yake ya mita 10.46 yangefika sentimita 43 na ushei. Viti viwili mmoja nyuma ya mwingine, kioo kirefu chenye fremu nyingi, rangi nyekundu na nyeupe au kijivu na nyekundu ing'aayo: kila kitu kiko wazi kwa mtazamaji.

Nikiwa bado katika 1/24, niiombe pia Cessna 172. Ni ndege iliyojengwa kwa wingi kuliko nyingine yoyote, zaidi ya 44,000 tangu katikati ya miaka ya 1950, na marubani wasiohesabika walijifunzia ndani yake. Katika 1/24 ingekuwa na sentimita 46. Skeli hiyo ndiyo ya modeli za magari, na maduka yamejaa magari ya kiraia ya 1/24, kwa hiyo mtu angeweza kuegesha gari kando ya bawa bila kuchonga chochote. Airfix walianza 1/24 mwaka 1970 kwa Spitfire, wakafuata na nyingine, na baada ya kimya kirefu wakarudi na Mosquito mwaka 2009, kisha Typhoon, kisha Hellcat. Zote ni ndege za vita. Nadhani Cessna ingewaleta katika skeli hii watu ambao hawajawahi kuingia humo, kuanzia na kila mwanafunzi wa urubani anayetaka ndege yake yenye namba zake za usajili.

Kuhusu ndege za jeti sina mengi. Trumpeter, Tamiya, Academy na Revell wamezijaza rafu za 1/32 kwa F-14, F-15, F-16, F/A-18, Su-27, MiG-21 na jamaa zao, na anayezipenda ana pa kuanzia. Ningeomba moja tu, English Electric Canberra, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 13 Mei 1949. Aliyeibuni, Teddy Petter, ndiye aliyebuni Lysander, na kuziweka ndege zake mbili katika skeli moja kungependeza sana. Canberra ina mabawa ya mita 19.5, sentimita 61 katika 1/32, umbo rahisi lenye mikunjo laini, na familia ndefu: toleo la kwanza lenye kioo cha duara, lile la kushambulia lenye kioo kilichosogezwa upande wa kushoto, na B-57 ya Marekani yenye viti viwili kwa mstari na mlango wa mabomu unaozunguka mzima. NASA bado wanairusha WB-57 kwa utafiti wa anga ya juu, ikiwa na mabawa marefu yasiyofanana kabisa na yale ya mwanzo.

Sasa niseme jinsi ningependa seti hizi zitengenezwe, maana ndege nzuri inaweza kuharibiwa na uchongaji mbaya. Tuanze na mistari ya maungio ya bati. Mstari wenye upana wa milimita 0.3 katika modeli ya 1/32 unawakilisha ufa wa karibu sentimita moja katika ndege halisi, na hakuna fundi ambaye angeiruhusu ndege hiyo kuruka. Skeli inavyokuwa kubwa ndivyo mstari unavyopaswa kuwa mwembamba, lakini kampuni nyingi huendelea kuchonga kwa kina kilekile cha 1/48, kwa sababu rangi nyeusi ya kujazia mistari hukaa vizuri humo. Ribiti, yaani misumari inayoshikilia bati, ni vivyo hivyo. Katika bati halisi ribiti nyingi zimelala sawa na ngozi, na kinachoonekana ni kivuli hafifu tu, pengine na kuyumba kidogo kwa bati kati ya mstari mmoja wa ribiti na mwingine. Ngozi inayoyumba namna hiyo imeanza kuonekana katika baadhi ya seti mpya, nami ningefurahi iwe kawaida.

Ukingo wa nyuma wa bawa ni jambo la pili. Ukiwa na unene wa milimita 1, katika 1/32 hiyo ni sentimita 3.2 za chuma mahali ambapo ndege halisi ina ukingo mwembamba. Dawa yake inajulikana: kiungo kati ya nusu ya juu na nusu ya chini ya bawa kisogezwe ndani, ili ukingo utoke mzima katika kipande kimoja. Kampuni zinazofanya hivyo zipo, kwa hiyo si suala la uwezo.

La tatu ni injini. Mtindo wa sasa ni kutoa injini kamili na vifuniko vyake vya kufungua, na mjenzi anayetaka vifuniko vilivyofungwa hujikuta akipigana na vipande vinne au vitano ambavyo havikubali kukutana juu ya injini iliyonenepa kwa unene wa plastiki. Ningeomba kila seti ije na kifuniko cha pili, kizima, kwa ajili ya injini iliyofungwa. Plastiki inayoongezeka ni ndogo. Kwa ndege za gurudumu la mbele, ambazo modeli zake huketi kwa mkia zisipowekewa uzito puani, ningeomba uzito huo uwemo ndani ya sanduku. Tamiya waliweka gololi za chuma katika P-38 yao ya 1/48, na kila aliyejenga Me 262 ya 1/32 akitafuta upenyo wa kuficha risasi za kuvulia samaki atakubaliana nami kwamba ule ulikuwa ukarimu. Miguu ya magurudumu ya modeli nzito iwe na kiini cha chuma. Mikanda ya viti iwemo, kwa shaba nyembamba au kwa njia nyingine yoyote, kwa kuwa kiti kitupu katika 1/24 kinaonekana kutoka upande wa pili wa chumba.

Na maelekezo. Wingnut Wings wa New Zealand, waliouza ndege za Vita vya Kwanza vya Dunia katika 1/32 kuanzia 2009 hadi walipofunga mwaka 2020, walituzoesha vibaya: vitabu vyao vya maelekezo vilikuwa na picha za ndege halisi kando ya kila hatua, na michoro ya nyaya iliyoonyesha kila waya unaanzia wapi na kuishia wapi. Baada yao, kijitabu chenye michoro mitupu na mishale kinaonekana kama barua isiyomalizwa. Baadhi ya waliofanya kazi huko wameanzisha Kotare, na Spitfire Mk.Ia yao ya 1/32 inaonyesha kwamba mkono haujapotea. Ndiyo, ni Spitfire tena. Kampuni changa ina haki ya kuanza na mkate wake wa kila siku, mradi baadaye wakumbuke Lysander.

Kuna pia suala la 1/35, ambalo siwezi kulikwepa. Border Model na wengine wameanza kutoa ndege katika 1/35, skeli ya vifaru na malori, na hoja yao ina nguvu: mtu anapata mara moja utajiri wote wa magari, sanamu za askari na mapipa uliokusanywa kwa miongo mingi. Helikopta zimekaa katika 1/35 zamani na hakuna anayelalamika. Kwa ndege ya mabawa, hata hivyo, mtu mwenye rafu iliyojaa 1/32 hataki Fw 190 iliyo fupi kwa karibu asilimia tisa kuliko jirani yake, na jicho huiona tofauti hiyo haraka. Badala ya kuigawa hadhira, ningependa 1/32 ipatiwe vitu vyake vya uwanjani: lori la mafuta, trekta la kuvutia ndege, ngazi za mafundi, toroli za mabomu, na sanamu za watu wanaofanya kazi, wakiwa wamejipaka grisi. Rubani aliyesimama akiwa ameshika kiuno tunaye wa kutosha.

Nimesema vikali juu ya madude ya mita moja, na sina budi kukiri kwamba ipo moja inayonishinda. Kabla ya kufunga, Wingnut Wings walikuwa wakitayarisha Handley Page O/400 ya 1/32, ndege ya mabomu ya Kiingereza ya mwaka 1918, yenye mabawa ya mita 30.48 ambayo yangefika sentimita 95, na haikupata kutoka chini ya jina lao. Nyaya zake peke yake zingemchosha mtu mwenye afya. Lakini ndege halisi ilikuwa na mabawa yanayokunjwa kuelekea nyuma, kuanzia nje ya injini, ili iweze kuingia bandani. Kampuni yoyote itakayoifufua, na ikatupa bawaba za kukunjia mabawa hayo, itakuwa imeninyang'anya hoja yangu ya rafu.